Taa ya injini si hukumu: Vijana, tuache kutibu pikapu kwa kubahatisha

KWA kijana mwenye pikapu, gari hilo si fahari ya kupigia picha tu. Ni ofisi yake. Ndilo linalobeba kabeji kutoka Kinangop hadi soko la Wakulima, linalohamisha watu kutoka Pipeline hadi Ruiru mwisho wa mwezi, linalosambaza simiti, maji, viti vya harusi na marobota ya mitumba. Mara nyingi limenunuliwa kwa mkopo, na mkopo haujui kwamba leo gari limelala gareji.

Sasa fikiria siku ambayo gari hilo, likiwa na mzigo, linapanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Umekanyaga mafuta hadi mwisho lakini halivuti. Taa ya injini, ile ya manjano, imewaka kwenye dashibodi. Hata malori ya mahindi yanakupita. Ukifika gareji, fundi anachomeka kidude chake, simu inaonyesha herufi moja na tarakimu nne, na kabla hujapata kiti cha kukalia ameshakutajia spea ya kununua.

Hapo ndipo pesa za vijana wengi zinapopotelea. Na hapo ndipo tunataka kusema bila kuzunguka: taa ya injini si hukumu, na msimbo unaosomwa na skana si orodha ya kupeleka Kirinyaga Road kununua spea.

Mtaani misimbo hii tunaiita "kodi", na kusema kweli wengi wameilipa kama kodi: leo sensa ya hewa, kesho sensa ya shinikizo, keshokutwa turbo, na gari bado linapanda mlima kama mzee anayetafuta pumzi. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi anamlaumu aliyeuza spea, na tatizo lenyewe linabaki pale pale chini ya boneti.

Msimbo unasema nini hasa?

Injini ya kisasa huongozwa na kompyuta, ECU. Kompyuta hiyo haina macho. Inategemea sensa, na hatusemi ile ya kuhesabu watu, bali vifaa vidogo vinavyopima joto, hewa, shinikizo na mzunguko wa injini. Kila kimoja hutuma taarifa yake kwa njia ya umeme. Taarifa ikikosekana, ikivuka mpaka au ikipingana na ya sensa nyingine, kompyuta huandika malalamiko kwenye kumbukumbu yake na kuwasha taa. Malalamiko hayo ndiyo msimbo.

Mfumo huo, OBD-II, ulikuwa wa lazima kwa magari mapya ya kawaida yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za mwaka wa 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka wa 2001, na ya dizeli miaka michache baadaye. Ndio uliotuletea ile soketi ya pini 16 chini ya usukani. Jua pia kwamba si kila gari lililotengenezewa soko la Japani au la Afrika litazungumza lugha yote ya mfumo huo na kidude cha bei rahisi cha Bluetooth. Skana ikikosa kuona kitu, si lazima iwe hakuna kitu.

Msimbo wenyewe una mpangilio. P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasisi, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, maana yake inafanana kwa kampuni zote. Ikiwa 1, mara nyingi ni msimbo wa kampuni iliyotengeneza gari, kwa hivyo usiamini tafsiri ya kwanza unayoipata kwenye Google. Tarakimu ya baada ya hapo inakuonyesha mtaa wenye shida: 1 ni hewa na mafuta, 3 ni uchomaji, 4 ni vifaa vya kudhibiti moshi, na kadhalika.

Chukua P0102. Wengi huisoma hivi: "Sensa ya hewa imekufa." Lakini haijasema hivyo. Imesema ishara inayotoka kwenye saketi ya sensa ya hewa iko chini kuliko inavyotakiwa. Saketi ni sensa yenyewe, plagi yake, waya, fyuzi, ardhi ya umeme, na hata kompyuta inayopokea ishara. Panya aliyetafuna waya mmoja usiku anaweza kuleta msimbo huo huo. Soketi ambayo mwosha gari aliipigia maji ya presha pia inaweza.

Ni kama jirani kukupigia simu kwamba anaona moshi nyumbani kwako. Amekusaidia, mshukuru. Lakini hajasema nyumba inaungua. Huenda ni ugali umeshika sufuria. Huwezi kununua nyumba mpya kabla ya kufungua mlango.

Misimbo mitatu inayokula pesa za watu

Kwa pikapu za dizeli zilizojaa barabarani humu nchini, kama Isuzu D-Max na Toyota Hilux, malalamiko ya kukosa nguvu huangukia mara nyingi kwenye makundi matatu. Yajue, hata kama hujawahi kushika spana.

La kwanza ni turbo. Msimbo wake maarufu ni P0299: upepo unaosukumwa na turbo ni mdogo kuliko ule kompyuta iliotarajia. Turbo ni spea ghali, kwa hivyo ukiambiwa "turbo imeisha" moyo unashuka tumboni. Lakini kati ya turbo na injini kuna paipu za raba, klampu na kipoza hewa. Paipu ikipasuka au klampu ikilegea, upepo uliokwisha kusukumwa unatoka nje. Turbo inafanya kazi yake vizuri, ila mshahara unapotea njiani.

Dalili zake zipo. Gari linatoa moshi mweusi ukikanyaga mafuta. Unasikia sauti ya kufoka kama gurudumu linatoa upepo. Kwenye viungo vya paipu kuna unyevu wa oili uliokusanya vumbi. Fundi makini atapapasa paipu zote upande wa chini, maana mpasuko hupenda kujificha pale macho hayafiki. Kisha ataangalia mpira mwembamba unaoendesha kidhibiti cha turbo na kuona kama mkono wake unasogea. Akishamaliza hayo yote, hapo sasa azungumzie turbo.

La pili ni sensa ya kupima hewa, MAF, inayokaa baada ya filta ya hewa. Ndani ina kipande chembamba kinachopashwa joto. Hewa ikipita inakipoza, na kompyuta inajua kiasi cha hewa kwa umeme unaohitajika kurudisha joto lile. Vumbi la barabara za mashambani likikishika, hesabu inaharibika. Lakini filta iliyoziba, au filta feki isiyokaza vizuri ukingoni, italeta hesabu mbaya vilevile. Badilisha sensa ukiache hicho kifilta, na baada ya muda sensa mpya itakuwa chafu kama ile uliyotupa.

Halafu tafadhali: sensa hiyo haisuguliwi kwa mswaki na petroli. Kuna dawa maalumu ya kupulizia inayokauka bila kuacha mafuta. Kukisugua kile kipande chembamba ni kukiua kabisa, na hapo sasa utanunua mpya kweli.

La tatu, na ndilo hatari zaidi kwa mfuko, ni shinikizo la mafuta. P0087 inasema shinikizo kwenye reli ya mafuta ni dogo mno. Injini hizi za dizeli hufanya kazi kwa shinikizo la kutisha. Gari likiwa limesimama likiunguruma, reli huwa na takriban MPa 30, ambayo ni zaidi ya mara 100 ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo. Likipanda mlima na mzigo, hupita MPa 100. Pampu inayotengeneza shinikizo hilo na nozeli zinazolitumia hazina bei ya mchezo.

Basi uchunguzi huanzia mahali rahisi. Filta ya dizeli ilibadilishwa lini? Ina maji? Je, kuna mahali paipu inavuta hewa kutoka tangi? Baada ya hapo angalia valvu inayopimia pampu mafuta, ambayo mafundi huiita SCV, kwa sababu ikichafuka pampu nzima inaonekana mgonjwa. Kisha pima mafuta yanayorudi kutoka kwa kila nozeli. Nozeli iliyochoka hurudisha mengi na kuangusha shinikizo. Pampu iwe ya mwisho kuhukumiwa.

Na hapa lazima tuseme kuhusu mafuta yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa haina ulaini wa kulinda vyuma vya pampu, kwa sababu dizeli ndiyo mafuta na ndiyo grisi ya pampu hiyo. Mchezo huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Ukinunua dizeli ya mitungi kando ya barabara kwa sababu imepungua shilingi chache, usishangae pampu ikikudai tofauti hiyo na riba yake.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: fundi asilegeze nati ya paipu ya nozeli injini ikinguruma ili "asikie ni silinda gani imekufa". Ujanja huo ulitumika na injini za zamani. Kwa shinikizo la injini za sasa, mnyunyizo mwembamba wa dizeli unaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa jeraha lililoonekana kama tundu la sindano. Hiyo ni dharura ya hospitali, si ya plasta.

Sensa tatu haziwezi kufa siku moja

Kuna kosa lingine linaloudhi. Skana inaonyesha misimbo minne au mitano, na fundi anaandika spea nne au tano. Kijana, jiulize: inawezekana vipi vifaa vinne vilivyokuwa vizima jana jioni vife vyote asubuhi ya leo?

Sensa nyingi hugawana laini moja ya volti 5 kutoka kwa kompyuta, na mara nyingi hugawana ardhi ya umeme pia. Sensa moja ikishorti, au waya mmoja ukichubuka na kugusa chuma, volti hiyo inaanguka na wenzake wote wanalalamika. Mtu mwenye mita ya umeme ya kawaida anaweza kuchomoa sensa moja baada ya nyingine huku akitazama volti. Ile ambayo ikichomolewa volti 5 zinarudi, ndiyo mshukiwa. Betri iliyochoka au waya wa ardhi wenye kutu pia huzaa misimbo ya uongo mingi tu.

Pedali ya mafuta nayo ina hadithi yake. Kwenye magari mengi ya sasa hakuna waya wa chuma unaovuta. Kuna sensa mbili ndani ya pedali zinazotoa taarifa kwa pamoja. Zikipingana, kompyuta haiwezi kujua ni ipi inayosema kweli, kwa hivyo inapunguza nguvu kwa makusudi. Gari linakataa kupita mwendo fulani hata ukikanyaga hadi sakafuni. Hali hiyo ni ulinzi: heri gari lijikokote hadi nyumbani kuliko lijiendeshe lenyewe kwenye mteremko. Ukiielewa, hutaanza kufungua injini kutafuta ugonjwa ambao uko kwenye plagi ya pedali.

Na kuna jambo ambalo video nyingi za YouTube haziwezi kukwambia kwa sababu waliozitengeneza hawaishi Nairobi. Wao husema sensa ya shinikizo la hewa, MAP, ikisomwa ufunguo ukiwa umewashwa na injini haijawaka, ionyeshe karibu kPa 101. Ni kweli, kama uko Mombasa au Malindi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la kama kPa 82 hivi. Limuru ni chini zaidi, karibu kPa 77. Fundi anayenakili bila kufikiri ataitupa sensa nzima kabisa, kisha aweke mpya itakayosoma kPa 82 vilevile.

Hewa hiyo nyembamba ndiyo sababu injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake Nairobi ikilinganishwa na Pwani. Ukinunua gari Mombasa kisha ukaona limekuwa zito huku juu, huenda si ugonjwa. Ni mlima.

Tusisahau pia kwamba gari linaweza kukosa nguvu bila msimbo wowote. Breki iliyokwama hushika gurudumu kama mtu anayekuvuta koti. Gusa rimu baada ya safari fupi, iliyo moto kupita zingine itajitaja. Klachi ikiteleza, injini inapiga kelele juu lakini mwendo hauongezeki. Ekzosi ikiziba, injini inakosa pa kutolea pumzi. Na wakati mwingine gari la tani moja limebebeshwa tani mbili, halafu tunatafuta sensa ya kulaumu.

Kwako mwenye gari

Kwanza, usikubali mtu afute misimbo kabla haijaandikwa. Piga picha. Pamoja na msimbo, skana nyingi huonyesha hali ilivyokuwa wakati tatizo lilipotokea: mwendo, joto, mzunguko wa injini. Ukizifuta, umefuta ushahidi. Na kufuta si kutengeneza. Taa ikizimika leo kwa kufutwa, kesho kutwa itarudi.

Pili, mwambie fundi kilichotokea, si unachokisia. Gari lilikosa nguvu likiwa baridi au moto? Mlimani tu au hata tambarare? Ghafla au polepole? Ulikuwa umetoka kuweka mafuta wapi? Maswali hayo ni ya bure na huokoa nusu ya kazi.

Tatu, muulize fundi swali moja kabla ya kutoa hata ndururu: "Umejuaje?" Akijibu, "Skana imesema," bado hajajua. Akijibu, "Nimepima volti, waya ni mzima, nimebana paipu, haivuji, na usomaji wa sensa haubadiliki nikikanyaga mafuta," huyo mlipe.

Nne, ikiwa unanunua pikapu iliyotumika, fungua macho. Ukiwasha ufunguo bila kuwasha injini, taa ya injini inapaswa kuwaka, kisha izime injini ikishaunguruma. Ikikosa kuwaka kabisa, huenda kuna mtu ameiziba au ameichomoa. Kwenye gari linalokubali mfumo mzima wa OBD-II, skana pia huonyesha kama kompyuta imemaliza kujikagua. Ikisema bado haijamaliza karibu kila kitu, huenda misimbo imefutwa asubuhi hiyo ili wewe usiione. Usiogope kuomba ulijaribu gari mlimani. Anayekataa amekujibu.

Kwako fundi kijana

Tunajua mengine unayopitia. Mteja anataka gari leo. Hataki kulipia saa mbili za kupima, lakini yuko tayari kulipa maelfu kwa spea anayoweza kuishika mkononi. Ukimwambia, "Nimepata ni klampu, nilipe elfu mbili," anaona umemwibia, kwa sababu klampu ni bei ya chai. Basi unajifunza kuuza spea badala ya akili.

Hapo ndipo tunawalaumu wenye magari pamoja na mafundi. Daktari humlipi kwa uzito wa vidonge. Unamlipa kwa kujua ni kidonge kipi, na wakati mwingine kwa kukwambia huhitaji chochote. Klampu ya bei ya chai iliyookoa turbo ya mamia ya maelfu si kazi ya elfu mbili tu. Ni kazi ya heshima. Tulipie uchunguzi kama kazi kamili, wenye bei inayojulikana kabla ya boneti kufunguliwa, na wenye karatasi inayoonyesha nini kilipimwa na kilisoma ngapi.

Lakini fundi naye lazima astahili hiyo pesa. Kidude cha Bluetooth na programu kwenye simu havikufanyi mtaalamu, kama vile kuwa na kipimajoto hakukufanyi daktari. Jifunze kusoma data gari likitembea, si misimbo tu. Jifunze kutumia mita ya umeme hadi usihofu waya. Andika usomaji wa magari mazima unayokutana nayo, ili siku gari gonjwa likija uwe na cha kulinganisha. Daftari hilo litakuwa mali kuliko sanduku la spana.

Wapo watakaosema wazee wa jua kali walitengeneza magari miaka 40 bila kompyuta, kwa masikio na pua. Ni kweli, na masikio hayo bado yana kazi. Mzee anayesikia upepo ukifoka kwenye paipu anamshinda kijana anayekodolea simu. Lakini sikio haliwezi kusikia milivolti. Anayeunganisha vyote viwili ndiye ataomoka kwenye kazi hii.

Kwenu wenye mamlaka

Vyuo vya kiufundi vimejaa vijana wanaosomea magari, lakini chuo kinachofundishia injini ya kabureta iliyowekwa juu ya meza kinaandaa mafundi wa barabara ambazo hazipo tena. Magari yaliyotumika yanayoingia nchini hayaruhusiwi kupita umri wa miaka minane. Maana yake ni kwamba karibu kila gari linaloshuka bandarini leo lina kompyuta, na mwanafunzi anafaa kukutana nayo darasani kabla ya kukutana nayo kwenye gari la mteja.

NITA huwatahini mafundi na kuwapa madaraja. Mtihani huo uwe na gari lenye hitilafu halisi ya umeme, na mtahiniwa aeleze alivyofika kwenye jibu, si jibu peke yake. Kijana wa jua kali aliyejifunzia kazini naye apewe njia nafuu ya kupata cheti, maana ujuzi wake ni wa kweli hata kama hakuvaa sare ya chuo.

EPRA nayo iendelee kuwaandama wanaochanganya mafuta, na vituo vinavyopatikana na hatia vitajwe kwa sauti ambayo dereva wa pikapu ataisikia. Na wanaopambana na bidhaa ghushi wapite kwenye maduka ya spea, kwa sababu sensa feki ni mbaya kuliko sensa iliyokufa. Iliyokufa hunyamaza. Feki husema uongo, na kompyuta inauamini.

Hatusemi kila gareji ni ya wezi. Wengi wanaobahatisha hawana nia mbaya. Walifundishwa hivyo, na haraka ya mjini inawasukuma. Lakini kubahatisha na mali ya mtu aliyekopa ni kumchezea kamari kwa pesa zake. Haraka haraka haina baraka, na chini ya boneti haina hata risiti.

Kwa hivyo taa hiyo ikiwaka kesho, usiogope, na usikimbilie duka la spea. Andika msimbo. Kagua filta, paipu, plagi na waya. Mtafute fundi anayepima kabla ya kutaja bei ya spea, na ukimpata, mlipe vizuri na umtaje kwa wenzako. Mafundi wa aina hiyo wataongezeka tu tukianza kulipia wanachokijua.